Tulivyokwenda Kuketi Shimo la Saba

Wanachama wenzangu, tangu Jumamosi mmekuwa mkiniuliza kwa nini nilirudi kutoka Kericho sauti imekauka na uso umenuna. Kila mmoja nimemjibu, "Tulifika, tukarudi," na najua jibu hilo halikumtosha mtu. Leo nimefunga duka mapema, nimeketi mbele ya cherehani bila kushona, nami nawaandikia yote kwa mkupuo mmoja ili nisiwe narudia hadithi kwa kila anayekuja kupunguziwa sketi. Mkiona maneno ni makali, msidhani ni nyinyi mnaogombezwa.

Mama mkwe wangu mnamjua. Sisi sote tunamwita Kogo, yaani nyanya, hata mimi Mgikuyu wa Sotik niliyeolewa kwao miaka thelathini na minne iliyopita. Mnamjua pia Baba Chebet, mume wangu Kipsang, mtu ambaye hajawahi kupandishia hata mbuzi sauti. Jina la Kipsang hupewa mtoto aliyezaliwa nje. Kogo akiwa msichana aliyeolewa juzi juzi alikuwa kibarua wa kuchuma majani chai huko Kericho, kwenye shamba lililopakana na uwanja wa gofu. Siku moja uchungu ulimshika akiwa kazini, na Kipsang akazaliwa kwenye nyasi za wacheza gofu. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa siku zote, na hatukuwahi kuuliza zaidi.

Basi mwezi uliopita rafiki yake wa zamani, Taplelei wa Mogogosiek, alimtumia habari kwamba kile kibanda cha kujikinga mvua kilicho karibu na shimo la saba la uwanja ule kitabomolewa mwisho wa mwezi huu. Kogo aliposikia akatuita. "Nataka kukaa kwa hiyo nyumba ya mvua kabla hawajavunja," alisema. Nikamuuliza akae afanye nini. "Nikae tu," akasema. Miaka themanini na miwili, magoti yanalia kama mlango usiotiwa mafuta, na hajawahi kuniomba kitu tangu nimjue. Nilidhani anataka kutembezwa aone nyasi nzuri na maua, halafu apumzishe miguu. Nikapiga simu, nikaambiwa wageni wanakubaliwa, wavae vizuri, wanaweza kula na kutembea. Nikaagiza meza ya watu wanne kibarazani, Alhamisi saa saba mchana. Meza ile sijaiona mpaka leo.

Sotik hadi Longisa: tunaanza kwa kurudi nyuma

Anayetoka Sotik kwenda Kericho haendi Longisa. Mtoto wa darasa la pili anajua. Lakini Kogo anaishi Longisa, kwa hiyo tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi tukiipa Kericho mgongo, ndani ya Probox tuliyoazimwa na jirani.

Baba Chebet aliendesha lori la maziwa miaka ishirini na sita, na lori hilo halijamtoka mwilini. Akiona mkono umeinuliwa kando ya barabara, mguu wake unakanyaga breki wenyewe. Tulimbeba mama mwenye gunia la chakula cha kuku. Tukambeba mwalimu. Tukambeba mwanamume mwenye gurudumu la baiskeli lililonipaka grisi kwenye rinda langu la kitenge, lile la harusi ya Chebet. Manyunyu yalikuwa yakianguka, na mikono haikuisha.

"Baba Chebet," nikamwambia, "hii si lori ya maziwa."

"Nimeona mkono," akasema.

"Na mimi nimeona saa."

Akasimama tena, safari hii kwa mzee ambaye alikuwa anaenda hatua mia mbili tu mbele.

Tulipofika kwa Kogo jua lilikuwa limeshapanda. Tulimkuta amevaa sweta ya kanisani, kitambaa cheupe kichwani na blanketi mabegani, ameshika kibuyu cha mursik alichokiandaa wiki nzima, maziwa ya kuchacha yenye majivu ya mkaa wa mti wanaoujua wenyewe. Nikamweleza kwamba tunaenda mahali pa kununua chakula. Akanitazama kama mtu niliyelelewa porini. "Nani huenda kwa mtu mikono mitupu?" aliuliza. Nikaachana na kibuyu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Nilimsaidia Kogo kuingia garini nikiwa nimemshika kiuno, naye amejifunika blanketi, mbele ya majirani wote. Na huko Longisa, mama mzee akishikwa kiuno akaingizwa garini asubuhi, kuna mahali pamoja tu anapopelekwa. Kabla sijafunga mlango, mama wa jirani alikuwa dirishani.

"Pole sana, Mama Chebet. Ni presha ama ni sukari?"

"Ni gofu," nikasema.

"Mungu wangu. Hiyo inashika wapi?"

Nikamweleza, lakini maelezo hayakumwingia, maana alikuwa ameshamwita mzee wa kanisa. Watu wakatokea kwenye mahindi na kwenye zizi, na mmoja bado alikuwa na povu la sabuni usoni. Mzee wa kanisa akaweka mkono juu ya kichwa cha Kogo akaomba. Aliwaombea madaktari na wauguzi, akaiombea barabara, na akamalizia na damu iliyo kwenye friji. Mama mmoja akaanza kulia. Wakatuletea mayai ya kuchemsha na mkungu wa ndizi za mgonjwa. Nilijaribu mara tatu kusema kwamba mgonjwa hayupo, na mara zote tatu niliambiwa nisikate tamaa.

Na Kogo, mnadhani alisema lolote? Aliketi amefumba macho, anasema "amina" kila mara panapofaa. Tulipoondoka nikamuuliza kwa nini hakuwaambia. Alikuwa anamenya yai.

"Maombi haikataliwi," alisema.

Longisa hadi Sotik: shati lenye kola

Tukarudi tulikotoka. Saa nne na nusu tukaiona Sotik tena, duka langu lile lile, kufuli lile lile nililofunga alfajiri. Ningekuwa na akili ningefumba macho tupite. Lakini nilimgeukia mume wangu, nikaona amevaa fulana ya shingo ya duara chini ya koti.

Kwenye simu walikuwa wameniambia waziwazi: kwa wanaume, shati lenye kola, kwa wote, hakuna gambuti. Nilimwambia Baba Chebet jambo hilo Jumatatu na Jumanne, na Jumatano nikamwandikia kwenye karatasi. Akasema karatasi aliiweka mahali salama. Nikafungua duka nitafute shati. Mnajua mimi nashona sare za shule, sishoni za wazee. Lililomtosha lilikuwa shati la kidato cha nne, nembo ya shule mfukoni. Nikaitoa nembo kwa wembe, ikaacha kivuli chake. Basi mume wangu, mzee wa miaka sitini na miwili mwenye mvi, akatoka dukani akiwa kama mtu aliyerudia mtihani mara arobaini.

Na duka likiwa wazi, mteja huingia. Alikuwa mama kutoka upande wa Kisii, na msichana wake, na sketi tatu. Nikamwambia nimefunga. Akauliza mbona mlango uko wazi. Nikamwambia niko safarini. Akasema yeye ndiye aliye safarini, ametoka mbali, na mtoto anaripoti shule kesho. Nyinyi niambieni, ningemfukuza kwa uso upi? Nikapinda sketi tatu huku Kogo ananingoja garini na abiria wawili ambao Baba Chebet alikuwa amewapokea nikiwa nimeinama kwenye cherehani.

Tulipotoka Sotik saa saba ilikuwa inagonga, na kule Kericho meza yangu ilikuwa inawekewa vijiko. Nikawapigia. Sauti ya upole ikaniambia nije kesho, ila kesho kuna wachezaji. Nikasema sisi hatuchezi. Nilikuwa nimeshaanza kupandisha sauti.

Sotik hadi Mogogosiek: nyuma ya trekta

Taplelei, aliyekuwa aende nasi, alipaswa kutungoja kando ya barabara kuu. Ndivyo tulivyokubaliana. Badala yake alituma ujumbe kwamba tuingie mpaka nyumbani kwake Mogogosiek, kuna kitu amesahau.

Majani chai yanapendeza ukiyaona kwenye kalenda. Ukiwa nyuma ya trekta inayoyapeleka kiwandani, kwenye kona na kilima, barabara imelowa na tope limekuwa kama sabuni, unayachukia jani kwa jani. Tulifuata trekta moja muda wa kutosha kukariri viraka vyote vya turubai lake. Mbele ya kituo cha kununulia majani tukakuta foleni: malori, pikipiki zenye magunia, wakulima na vikapu vyao, na mwanamume mmoja katikati ya njia anayeelekeza magari kila moja upande wake, yote vibaya. Gari letu likateleza likaingia mtaroni. Wakulima wakaliinua kama kiti, wakacheka, wakaniuliza tunaenda wapi. Nikasema gofu. Wakacheka zaidi.

Kitu alichosahau Taplelei kilikuwa kutupikia. Ni mama mwembamba, mrefu, sauti nzito, aliyechuma chai na Kogo safu moja tangu wote wawili wakiwa wasichana. Alikuwa amechinja jogoo. Palikuwa na ugali wa wimbi na mboga za kienyeji zilizolazwa kwenye maziwa, na chai isiyokwisha birikani. Nilisema tuna haraka. Akauliza haraka ya kwenda wapi, na meza tumeshaikosa. Halafu mvua ikaja vizuri, barabara ikafungwa na lori, na ikawa tumelala Mogogosiek.

Nakiri jogoo alikuwa mtamu. Lakini kuna jambo lililonisumbua. Wale wakongwe wawili walikaa jikoni, mikono juu ya moto, wakinong'onezana kwa Kipsigis. Miaka thelathini na minne imenitosha kuelewa. Taplelei aliuliza, "Umewaambia?" Kogo akajibu, "Wataona." Nilipoingia wakanyamaza, wakanipa chai.

Mogogosiek hadi Kericho: geti

Ijumaa asubuhi hapakuwa na trekta wala maombi. Tulifika saa tano, tumeoga, Baba Chebet na shati lake la kidato cha nne limepigwa pasi ya makaa. Nikajiambia mabaya yameisha.

Askari wa geti alitutazama mmoja mmoja. "Nyinyi ni members?"

"Sisi ni wageni. Nilipiga simu jana na juzi."

"Na hiyo kibuyu ina nini?"

"Maziwa," akasema Kogo.

"Chakula ya kutoka nje hairuhusiwi, Kogo. Acha hapa kwangu."

"Mimi siwezi kuingia kwa mtu mikono mitupu," Kogo akamwambia, kwa upole kabisa, kana kwamba anamkumbusha kijana wa watu adabu alizozisahau.

Askari akamwita meneja. Meneja akaja na tai yake, mtu wa makamo, na mwanzoni alitabasamu. Tumekosa meza ya jana, haidhuru, tunaweza kunywa chai kibarazani. Nikamwambia chai baadaye, sisi tunataka kwenda shimo la saba.

"Shimo la saba peke yake?"

"Peke yake."

"Kwa nini hiyo?"

Nami, mtu mzima niliyezaliwa nchi hii, nikajibu ukweli bila kufikiri. Nikasema, "Mume wangu alizaliwa hapo."

Tabasamu likaondoka. Akamtazama Baba Chebet, akawatazama wakongwe wawili na vitambaa vyao vyeupe, akakitazama kibuyu. Sikuelewa mara moja. Nilielewa alipouliza kama tuna barua ya chifu. Kwetu huku, mtu akisimama kwenye geti la mwenzake akasema hapa ndipo nilipozaliwa, mwenye geti husikia vigingi vikipigwa.

"Barua ya nini?" nikauliza.

"Madam, mambo ya mashamba iko na ofisi zake. Hapa ni mahali ya mchezo. Hata kama mko na wazee wa kuonyesha mipaka, si hapa."

"Mipaka gani? Tunataka kukaa kwa kibanda."

"Mkae mpaka lini?"

Hapo sasa ndipo sauti yangu ilipopotelea. Walikuja askari wengine wawili, na mmoja akatupiga picha kwa simu kana kwamba tumeiba ng'ombe. Nilisema yote. Nilisema nilipiga simu, nilisema nimeshona mpaka shati, nilisema mwanamke wa miaka themanini na miwili hawezi kubeba uwanja wa gofu akaondoka nao chini ya blanketi. Nilimuuliza meneja kama ana mama. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini wahenga hawakuwahi kufika kwenye geti lile. Magari mazuri yalikuwa yakipita kando yetu, kizuizi kinainuliwa, watu wenye kofia wanapunga mkono, hakuna aliyeulizwa chifu wake ni nani. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe, na bado ninayo.

Kogo aliketi chini, kwenye kokoto, kibuyu mapajani. "Basi nitakaa hapa," akasema.

Saa mbili nzima zikapita hivyo. Mwisho Baba Chebet alinishika bega akasogea mbele. Mnajua mume wangu haongei mbele ya watu, hata kwenye harusi ya binti yake alisema "asanteni" akakaa.

"Bwana meneja," alisema, "sisi hatukuja kuchukua. Mama anataka kukaa. Akimaliza kukaa, tutaenda nyumbani."

Sijui kama ni maneno au ni lile shati. Meneja alifikiri, akasema nusu saa, na mtu wa klabu awe nasi, na kibuyu kibaki getini. Kogo akasema kibuyu hakibaki. Tukarudi pale pale.

Aliyetuokoa ni mkata nyasi wao, Mzee Omondi, aliyekuwa ameegesha kigari chao kidogo hatua chache tu, anasikiliza. Alichukua mfuko mmoja wa fimbo za gofu, akatoa fimbo mbili tatu, akakitumbukiza kibuyu cha Kogo ndani, shingo ikachungulia juu kati ya fimbo.

"Meneja," akasema, "mfuko wa gofu unaruhusiwa ama hauruhusiwi?"

Meneja akatazama mawingu, akasema itanyesha, akaingia ofisini.

Shimo la saba

Nitasema ukweli ingawa sikutaka kuusema: ni pazuri. Nyasi zimenyolewa zikawa laini kuliko zulia la kanisa letu. Miti imepandwa kwa nafasi, misonobari na mikuyu mikubwa, kila mmoja na kivuli chake, na kijito kinapita katikati na daraja la mbao. Mbele ya hayo yote kuna uzio, na nyuma ya uzio majani chai, mpaka macho yachoke. Wachumaji walikuwa kazini upande ule, vikapu mgongoni, tunaona mabega na vichwa tu. Hakuna hata mmoja aliyeinua uso kututazama. Nikafikiri jinsi Kogo alivyosimama pale miaka yote ile, na upande huu uko karibu kiasi cha kurusha jani.

Kibanda chenyewe hakikuwa na maana yoyote. Mbao nyeusi kwa uzee, paa la mabati yenye kutu, kuta tatu, upande wa nne uko wazi, na ndani benchi refu linalozunguka kuta zote tatu. Nilitaka kucheka. Siku mbili, mtaro, maombi, meneja, kwa ajili ya kibanda ambacho fundi wangu angekijenga kabla ya chai ya saa nne.

Kogo alisimama kizingitini. Akalipapasa benchi kwa kiganja, kutoka mwisho hadi mwisho, akafika kona ya kushoto, akaketi. Taplelei akaketi ubavuni pake. Omondi akauweka mfuko wenye kibuyu juu ya benchi. Sisi wengine tukakaa. Halafu mvua ya Kericho, ambayo huja mchana kama mfanyakazi wa zamu, ikaanza kugonga mabati.

"Ilikuwa mvua ya mawe," Kogo alisema.

Alikuwa anaongea na mwanawe, lakini alikuwa anatazama nje.

"Uchungu ilinishika kwa safu. Mawe ikaanza. Taplelei na wengine wakanibeba, wakaruka uzio, wakanileta hapa. Nililala hapa kwa kona. Ulikuwa karibu, kichwa ilikuwa karibu. Halafu mabwana wanne wakakuja wakikimbia, na watu wao wa kubeba mifuko."

Akainua mkono, kama mtu aliyeshika fimbo.

"Mmoja akaonyesha nje na fimbo yake. Hakusema neno. Akaonyesha tu."

"Akamwonyesha nani?" nikauliza, na nilikuwa najua.

"Sisi. Nyapara wetu alikuwa amefika kwa uzio, akapiga kelele tutoke haraka. Tukatoka. Nikakuzaa pale." Alinyoosha kidole kwenye nyasi, hatua kama kumi kutoka kizingitini, mahali ambapo mvua ilikuwa imeanza kutuama. "Taplelei alikufunika na gunia."

Taplelei alikuwa anatazama mikono yake. "Mifuko ya fimbo ndiyo ilikaa kwa benchi," alisema. "Mimi niliangalia nyuma nikaona. Walipanga mifuko kwa benchi isilowe."

"Ulituambia nilizaliwa nje kwa sababu ya kazi," Baba Chebet alisema.

"Nilikuambia ulizaliwa nje. Hukuniuliza nani alitutoa."

Baba Chebet alifungua kifungo cha juu. Kola ya lile shati ilikuwa imembana.

"Siku ulipata lori," Kogo akamuuliza, "nilikuambia nini?"

"Nisiache mtu kwa mvua," akasema.

"Na umeacha?"

"Hapana, Mama."

Wenzangu, niliwakumbuka wote. Mama wa chakula cha kuku, mwalimu, mtu wa gurudumu, yule mzee wa hatua mia mbili. Niliikumbuka miaka yote niliyoolewa nikimngoja mtu huyu na chakula kimepoa, nikimwita mjinga anayechezewa na kila mkono wa barabarani. Nililia, na sioni aibu kuwaambia. Nililia kwa hasira, nikimtafuta mtu wa kumpiga, na hakuwepo.

Halafu tukasikia miguu. Wachezaji wanne walikuwa wanakuja mbio kutoka kwenye nyasi, na wabeba mifuko wao wanne, vichwa vimeinamishwa, mvua inawachapa. Walipotuona wakasimama chini ya ukingo wa paa, maji yanawatiririkia mgongoni. Wa mbele alikuwa baba mnene mwenye kofia nyekundu, Mwafrika mwenzetu, mtu wa ofisi fulani kwa sura yake. Alitazama benchi, akamtazama Kogo.

"Samahani, Mama," alisema. "Kuna nafasi?"

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa na maneno ya miaka sitini na miwili, yamejipanga mdomoni, na mengine si ya mwanamke anayeimba kwaya. Mkono wangu ulikuwa umeinuka, nao ulikuwa unaonyesha nje.

Kogo akanivuta rinda. "Kaa," akasema.

Nikakaa. Akauchukua ule mfuko wa gofu kutoka kwenye benchi, kwa mikono yake miwili, akatoa kibuyu, na mfuko akauweka chini, sakafuni, kwenye maji.

"Ingieni," akawaambia. "Na hao wa kubeba mifuko pia. Nafasi iko."

Wakaingia wote wanane. Wabeba mifuko walitaka kusimama, Kogo akawaelekeza benchini kwa kidevu mmoja mmoja mpaka wakaketi. Tulikuwa watu kumi na watatu, nami kwa hasira yangu nilihesabu, na upande wa kulia benchi lilikuwa bado linaonekana. Omondi alikuwa na kikombe cha bati. Kogo akakitikisa kibuyu, akamimina, akampa kwanza yule wa kofia nyekundu, aliyekuwa karibu na mlango na amelowa kuliko wote.

"Asante kwa kutusongea, Mama," alisema yule bwana, akikipokea kwa mikono miwili. "Ni bahati nafasi ilikuwepo."

"Hata siku ile ilikuwako," Kogo akamjibu.